Puli Yenye Rangi ya Kucha

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kulificha hilo. Mke wangu Magreti husema nilizaliwa siku ambayo mama alichelewa kula. Kwa hiyo mkisikia kwamba asubuhi ya mashindano nilitupa spana chini nikaondoka, msishangae. Shangaeni tu kwamba niliondoka nikamwacha binti yangu pale.

Gari lilikuwa la Ngeleja. Huyu ni kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia upande wa Rudewa na ng'ombe wao yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa ana mashine mbili za kukoboa mpunga na ugonjwa mmoja, nao ni mbio za magari. Yeye ndiye dereva. Anayekaa kiti cha kushoto na daftari la kona, akimsomea kulia kali, kushoto taratibu, daraja mbele, ni Debora, binti yangu, mwalimu wa Hesabu wa sekondari. Sikumpeleka mimi huko. Alijipeleka mwenyewe, na ukijaribu kumzuia anakutazama kama vile wewe ni mwanafunzi aliyeshindwa hesabu za kutoa.

Kazi yangu ilikuwa injini. Ni injini ya silinda sita, ya kiwandani, haijawahi kufunguliwa tumbo: pistoni ni zile zile na konrodi, vile vyuma vinavyozishika, ni zile zile ilizozaliwa nazo. Juu yake nilifunga supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe na kuisukumia hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, unaongeza petroli, na nguvu inapanda. Injini ilikuja na nguvu za farasi mia moja na sitini. Mimi niliwafikisha mia tatu, na wala si jambo la kujisifu. Kichaa yeyote mwenye sanduku la spana anaweza kukupa farasi mia tatu kwa dakika tano. Kazi ni kuwapata leo, kesho na keshokutwa, na injini ikabaki nzima.

Hapo ndipo nilipoumiza kichwa. Adui ni joto. Hewa ikishindiliwa inachemka, na ikiingia kwenye silinda ikiwa ya moto, petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Injini inaanza kugonga, na pistoni za kiwandani hazivumilii kugongwa. Nikatafuta intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, kutoka kwenye lori lililopinduka. Nikaielekezea bomba la maji ya kuoshea kioo, ili Debora akibonyeza kitufe inyunyiziwe. Nikafunga nozeli kubwa zaidi za kunyunyizia petroli na plagi zinazostahimili joto. Kisha nikapakia magunia manne ya mahindi nyuma, nikaipandisha milima ya Mamboya mara kumi na moja, jua la saa saba likiwa kichwani. Kila nilipofika juu nilichomoa plagi nikaziangalia rangi. Mara ya kumi na moja zilikuwa za rangi ya biskuti, dalili ya injini isiyozidiwa na joto, zote sita, nami nikakaa kwenye gunia nikacheka peke yangu.

Kilichonipa rangi ile ni puli, lile gurudumu dogo la chuma ambalo mkanda huzungukia ili kuendesha supachaja. Nilikuwa nimepata saizi yake. Nikachukua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha cha Debora, nikapiga mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye puli, ili nati ikilegea hata kidogo nione. Debora alikitafuta kichupa chake wiki nzima.

Ukitaka supachaja izunguke kasi zaidi, unafunga puli ndogo. Ni kitu cha kuenea kiganjani. Mwaka uliotangulia, kwenye mbio za upande wa Gairo, Ngeleja alileta puli ndogo nami nikaifunga kwa mikono yangu kwenye gari lake la zamani, kwa sababu hata mimi nilitaka kuona itakuwaje. Tuliona. Konrodi ilitoboa ubavu wa injini, oili ikamwagikia ekzosi, gari likashika moto, likateketea na injini yake. Ngeleja alitoka salama. Mkanda wa kiti cha Debora ulikataa kufunguka kwa sekunde chache tu, na sekunde hizo zilitosha kumlaza wiki mbili wodini, hospitali ya Berega, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa bandeji kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Nilikaa kando ya kitanda kile nikaapa kwamba mikono yangu haitafunga tena puli ndogo kwenye gari analopanda Debora. Angalieni vizuri nilivyoapa. Niliapia mikono.

Basi asubuhi ya mbio za Kilosa hadi Mikumi, magari kumi na manne yalipangwa uwanjani Kilosa, la kwetu likiwa na namba saba. Ngeleja akaja akiwa na kiboksi mkononi. Akaniamkia shikamoo kwa adabu kupita siku zote, nikaitikia marahaba, nikajua kuna jambo. Akafungua kiboksi. Ndani kulikuwa na puli ndogo inayong'aa kama sufuria mpya, ameagiza Kariakoo, na muuzaji amemhakikishia farasi hamsini wa nyongeza.

Nilimweleza habari za joto. Nilimweleza habari za Mamboya na plagi za rangi ya biskuti. Nilimkumbusha Gairo, ingawa hakuhitaji kukumbushwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake, fundi," akasema.

"Nundu aliyozaliwa nayo," nikamjibu. "Si ya kufungiwa kwa spana."

Akasema kwa upole kwamba gari ni lake. Hapo alikuwa na haki, na hakuna kinachonikasirisha kama mtu mkosefu mwenye haki. Nikamgeukia Debora, aliyekuwa ameketi juu ya tairi akipitia daftari lake, nikamwambia kama puli ile inafungwa basi yeye ashuke, asiende.

"Sishuki, Baba," akasema. "Mwaka mzima nimesubiri kumaliza mbio moja tu."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kalamu. Ngozi yake pale bado inang'aa, kama karatasi iliyopakwa mafuta. Nikatupa spana. Nikamwambia Ngeleja kwamba mikono yangu haitaigusa ile takataka, akitaka amtafute mwingine wa kumfungia, Mwinshehe huyo hapo.

Mwinshehe ndiye fundi wetu wa matairi. Ni Mluguru wa Matombo, na kwa kuwa Waluguru na Wasukuma ni watani, baina yake na Ngeleja haijapita siku bila matusi. Asubuhi ile alikuwa ameshamwuliza Ngeleja kama gari hilo linakula majani, na Ngeleja naye akamwuliza kama kule milimani siku hizi wanavaa viatu vyote viwili. Mwinshehe aliipokea puli, akaipima uzito kiganjani, akasema mtani akiomba nani atakataa, akamhimiza Ngeleja awahi kikao cha madereva. Mimi sikungoja. Nilidandia pikapu ya waamuzi iliyokuwa inatangulia Mikumi kabla barabara haijafungwa. Sikumuaga binti yangu.

Pale Mikumi tulisubiri kwenye uwanja wa vumbi pembeni ya mji, upande barabara ya Kilosa inakoingilia. Malori ya kwenda Zambia yalipita barabara kuu bila kujali shughuli yetu. Niliagiza chai nikaiacha ikapoa. Magreti akapiga simu. Alianza na beberu wake mweusi, kwamba amevunja tena uzio wa mchicha na safari hii anamuuza, liwalo na liwe. Kisha sauti yake ikabadilika, akaniuliza kama kila kitu kwenye gari la mtoto nimekifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikasema ndiyo. Sijui kama simu ilikatika au niliikata.

Magari yakaanza kuingia kwa mpangilio wa namba zao, yakipishana kama dakika mbili hivi. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano halikuonekana, wakasema limekatika ekseli na watu wote wazima. Likaja la sita. Nikasimama. Baada yake likaja gari, nikakimbilia mbele, kumbe ni namba nane. Kisha namba tisa. Nikamfuata dereva wa namba tisa kabla hajavua helmeti, nikamwuliza kama ameliona namba saba. Akasema ameona kitu kikubwa cheupe kimetanda kule mbele ya kijiji cha Zombo, pembeni mwa barabara, ila hakujua kama ni vumbi au moshi.

Niliogopa. Siwezi kulipamba hilo. Nilishika nguzo ya utepe wa kumalizia. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa misafi kabisa, haijashika puli, haijavunja kiapo, na haikunifaa kitu. Ningeweza kubaki pale uwanjani nikalala mbele ya tairi. Ningeweza kuficha funguo. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne nilikuwa nimekwenda zangu ili niwe na la kujitetea baadaye, na mwanangu nimemwacha ndani ya gari.

Ndipo nikaisikia. Supachaja ina mlio wake, kama cherehani inayoshona kwa haraka, na ile ya kwangu ningeitambua hata katikati ya kwaya. Nilitega sikio kusikia kama inagonga. Haikuwa inagonga. Ilipanda kilima cha mwisho ikiimba sauti moja, safi, ikatokeza na vumbi lake, ikapita utepe. Namba saba. Milango yote miwili ikafunguka. Debora akavua helmeti, nywele zimelowa jasho, akaniona, akainua mkono ule wa kushoto.

Nililia. Watu walinitazama, nikawaacha watazame.

Ngeleja alikuwa akiongea tangu mguu haujagusa chini. Walikuta kundi la ng'ombe limejaza barabara mbele ya Zombo, na wachungaji wamelikimbia gari. Akashuka, akapiga mluzi ule wa kwao, akawaswaga mpaka porini, na kabla hajarudi kwenye gari walilokuwa wameliegesha pembeni, namba nane na tisa wakapita katikati ya vumbi, na hapo ndipo dakika zilipopotea. Lakini baada ya hapo, akaniuliza akinishika bega, je, niliona jinsi gari lilivyopaa? Farasi hamsini si mchezo. Sasa nimekubali?

Nilifungua boneti nikaungua vidole, nikainama. Nilitaka kujua puli ndogo imewezaje kutoiua injini ile. Mkanda ulikuwa mahali pake. Na chini ya vumbi, nilipofuta kwa kidole, ukatokea mstari mwekundu wa rangi ya kucha, umenyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye puli. Ilikuwa puli yangu, ile ile ya Mamboya. Hakuna mtu aliyeigusa.

Debora alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Geji ya hewa ilisoma kama siku zote," akasema polepole, Ngeleja asisikie. "Nilijua puli haikubadilishwa hata hatujafika kijiji cha Ulaya."

Nikamwuliza mbona hakumwambia dereva wake. Akasema dereva alikuwa akiendesha kwa raha kuliko siku zote, sasa angemwambia ili iweje?

Baada ya nusu saa pikapu ya matairi ikaingia. Mwinshehe akashuka akitembea kwa madaha, puli ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu kama kengele ya mbuzi. Akasimama mbele ya Ngeleja na watu wote wakisikia, akatangaza kwamba mali hii ameiteka kwa haki ya utani, na kama Msukuma huyu anaitaka, alete mbuzi. Niliuona mshipa wa shingo ya Ngeleja ukisimama. Akatazama gari, akatazama puli, akamtazama Debora, na macho yake yakakaa kwenye ule mkono. Mshipa ukalala. Kwa mtani hakuna kununa, hilo analijua kila mtu. Akaketi kwenye tairi akacheka mpaka akajifuta machozi, akisema Mluguru amemwibia farasi hamsini mchana kweupe.

Tulikuwa wa nane kati ya kumi na mmoja waliofika. Ngeleja hakuwahi kumaliza mbio kabla ya siku ile.

Baadaye nilimvuta Mwinshehe kando nikamwuliza kwa nini hakunidokeza asubuhi, akaniacha nife mara mia pale kwenye nguzo. Alikuwa anakula muhindi wa kuchoma, hakuacha kutafuna.

"Ungekaa dakika tano tu ungeniona naitia mfukoni," akasema. "Wewe ulikuwa umeshaondoka."

Hakunisema zaidi ya hapo, na nashukuru hakunisema. Nilimpigia simu Magreti. Nilimwambia mtoto amefika, mzima, hana hata mkwaruzo. Kisha, kabla ujasiri haujaniishia, nikamwambia kwamba asubuhi nilimdanganya, sikufunga kila kitu kwa mkono wangu, niliondoka, na aliyebaki kumlinda mwanetu ni Mwinshehe wa matairi, ambaye sasa anadai mbuzi wa kukombolea puli.

Akasema niwahi kurudi nyumbani, kuna uzio wa kutengeneza, na yule beberu mweusi hauzwi tena, amepata mwenyewe.