Kisu cha Mtengeneza Mageti

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima ulimwita Geti, maana kutoka buchani kwangu mpaka barabara kuu huwezi kukosa geti lililopita mikononi mwake. Halafu macho yakamgomea. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mwanga wa ile mashine umeyaunguza, na akizidi kuuangalia atabaki gizani. Mashine ikafunikwa turubai, na mume wangu akaanza kukaa sebuleni kama mgeni aliyekosa wa kuzungumza naye.

Mimi nauza nyama. Sina mdomo wa asali na sijawahi kuutafuta. Lakini watu wengine, jamani! Habari za macho zilipoenea, wakamgeuza mtoto. Wanamsemesha kwa kupaza sauti, utadhani kilichoharibika ni masikio. Akivuka barabara, anasifiwa. Akitengeneza kigoda kinachoyumba, "Hongera Geti, bado umo!" Umo wapi? Kigoda chenyewe kilinimwaga chini na sahani yangu mkononi.

Aliyemalizia kabisa ni kaka yake. Alikuja na tabasamu lake, eti amemtafutia kazi ya ulinzi kwenye nyumba ya tajiri mmoja. "Kazi ya kukaa tu, mdogo wangu. Unafungua geti, unafunga geti." Na lile geti, wenzangu, alilitengeneza mume wangu mwenyewe! Damu ilinichemka. Lakini fundi mwenyewe hakukasirika, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema tu, "Nipe wiki hii, kaka, nitakujibu," akanywea pale kwenye kochi.

Kesho yake nikamkuta uani anageuzageuza kipande cha springi ya lori.

"Nataka kujaribu visu," akasema. "Chuma nakijua. Na kisu hakina ule mwanga."

"Kisu si nondo, baba watoto."

"Ndiyo maana utakitumia wewe. Kikikufaa pale buchani, mimi bado fundi, naendelea. Kikishindwa, nakwenda kukaa getini na hutanisikia nikilalamika. Ila uniambie kweli."

"Lini nimewahi kukudanganya?"

"Nikipika huwa unasema kitamu."

"Hicho ni chakula," nikamwambia. "Hapa tunaongelea kazi."

Basi akawasha makaa kwenye rimu ya gari, akapuliza moto mpaka chuma kikawa chekundu. Alikuwa anakijaribu na sumaku. Sumaku ikiacha kushika, ananieleza, chuma kimeiva. Akakizamisha kwenye oili, moshi ukapanda, na nguo zangu zote kwenye kamba zikanuka gereji. Kisha, toba, akakiingiza kwenye oveni yangu ya keki! Eti bila kukipasha tena kwa moto wa taratibu kitavunjika kama glasi. Nilifoka, lakini nikaachia. Mwishoni akavaa miwani na glavu zake, akashika grenda, cheche zikaruka kama enzi za mageti. Alikuwa anapiga mbinja. Nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta ufagio, nikasikiliza, na roho yangu ikatulia.

Kisu kilitoka kizuri. Kizito kidogo, lakini kinang'aa, na kwenye makali kilikuwa na mstari wa bluu niliodhani ni pambo.

Nilikipeleka buchani. Wateja wakaanza kukisifu hata hakijagusa nyama. Mume wangu alisimama nje, mgongo ukutani, sikio ndani. Kwenye mnofu kilipita bila shida. Nikafika kwenye kiungo cha nyonga, nikagusa mfupa, na pale pale makali yakajikunja kama mfuniko wa kopo.

Kisu changu cha zamani kilikuwa kwenye droo, karibu kabisa na mkono. Ningeweza kuvibadilisha, yeye asingeona. Uongo ulinifika mpaka kwenye ncha ya ulimi, kwa sababu nampenda yule mwanaume na sikutaka kumwona akinywea tena. Lakini aliniomba kitu kimoja tu.

"Njoo," nikamwita. Nikamwekea kisu mkononi, nikamwongoza kidole kwenye makali. "Kimejikunja. Kwenye mfupa wa kwanza."

"Mama, si umwonee huruma!" mteja mmoja akadakia.

"Wewe subiri nyama yako!"

Mume wangu akaondoka na kisu chake. Nikaendelea kuuza nyama huku nikijifuta machozi kwa aproni.

Niliporudi nyumbani nilimkuta uani anakwaruza kile kisu kwa tupa.

"Njoo usikie," akasema. Kwenye mgongo wa kisu tupa iliteleza tu. Kwenye makali iling'ata na kula chuma. "Unaona? Nilikiivisha sawasawa. Nimekiua mwenyewe na grenda! Ile bluu, mama watoto. Ile bluu ndiyo ugumu wake unaondoka. Miaka yote kwenye mageti chuma kikiungua na kuwa bluu, sijali, si nitapaka rangi juu? Nimekisaga kisu kama geti. Na glavu mkononi! Ningehisije kwamba kinaungua?"

Akazivua zile glavu akazitupa mpaka kwenye banda la kuku. Alikuwa amefura kwa hasira, mishipa imemtoka shingoni. Nilimshukuru Mungu kwa hasira ile, maana tangu siku ya daktari sikuwa nimeiona.

Cha pili alikifanya mikono mitupu, ndoo ya maji pembeni. Anasaga kidogo, vidole vikihisi joto, anachovya. Anasaga, anachovya. "Hii kazi ya konokono!" analalamika, na bado anachovya. Makali ya mwisho aliyatoa kwenye jiwe la kunolea, kwa mkono, taratibu. Vidole vilimvimba. Nilipompaka dawa nilitaka kusema pole, nikaimeza.

Wiki ilipokwisha, shemeji alikuja buchani kuchukua jibu lake. Mume wangu naye akaingia, akaweka kisu juu ya gogo bila salamu.

Nilishusha paja zima. Nikazunguka mfupa, nikakata ukano, nikaingia kwenye kiungo, nikatoka, nikaingia tena. Nikagonga mfupa makusudi. Makali yakabaki vile vile. Kazi ikaninogea nikasahau kwamba kuna watu wananitazama, na nikaanza kubwata kama ninavyobwata kila siku.

"Huu mpini umeutengenezea mkono wa nani, wa jitu? Unanijaa kiganjani! Na hii ncha pana mno, kwenye viungo vidogo itaingiaje? Ala! Hiki kitabaki cha mapaja. Unitengenezee kingine chembamba, cha kuchambulia mifupa, na usinicheleweshe, nina wateja mimi."

Nikainua macho. Mume wangu machozi yalikuwa yanamtiririka, na meno yote nje.

"Shemeji, taratibu basi," kaka yake akaninong'oneza. "Unajua hali yake."

"Mwache, kaka," mume wangu akasema. "Anagombana na fundi wake."

Kisha akaushika mkono wangu, uliojaa mafuta na damu ya nyama, akaanza kuupima kwa vidole vyake vilivyoungua.

"Umesema mpini nipunguze wapi?"