Orodha ya Jumanne

Ofisi ya kompyuta pale hospitali ilikuwa na meza mbili, na Bi Mkubwa aliona moja imezidi. Hiyo ya ziada aliikalia Msafi, mwandishi mpya wa programu. Jina hilo Bi Mkubwa ndiye aliyembandika kwa kebehi, maana kila kukicha jamaa alihubiri usafi: programu iwe vipande vidogo, kila kipande kipokee kitu, kirudishe jibu, kisibadilishe chochote. Lo! Miaka kumi na minne Bi Mkubwa ameandika kwa mtindo wake, kila mgonjwa ni kitu kamili ndani ya kompyuta, kinachotunza chenyewe jina na zamu yake. Leo aje mtu na shati la kupigwa pasi amfundishe kazi?

Mkurugenzi akaamua wachanganye, kwa kuwa lugha waliyoandikia iliruhusu mitindo yote miwili. Bi Mkubwa atengeneze wagonjwa. Msafi aandike vipande vya kuwapanga kwenye mashine za kusafisha damu.

"Tusomeane kwanza tulichoandika?" Msafi aliuliza.

"Zisomee kuta. Changu hakikaguliwi na wewe."

Jumanne asubuhi orodha ya kwanza ikatoka. Haikupita nusu saa, mdogo wake Bi Mkubwa akapiga simu toka wodini.

"Dada, muuguzi anasema karatasi imetuandika wote Ijumaa. Wenzangu wameanza kuondoka."

Figo zake zilishakufa. Miguu imevimba, pumzi anaivuta kwa shida. Kufika Ijumaa ilikuwa bahati nasibu.

Moyo ulimlipuka Bi Mkubwa, lakini tuseme ukweli, raha nayo ilikuwemo. Akamwita mkurugenzi korido nzima isikie. "Njoo uone kazi ya msomi wako! Ananiulia mdogo wangu!"

Mkurugenzi akapiga simu wodini wagonjwa wazuiwe, kisha akainamia kompyuta. Vipande vya Msafi vilikuwa viwili. Cha kwanza kilimuuliza kila mgonjwa zamu yake, kikabakiza wa leo. Cha pili kiliwauliza tena, kikachapa karatasi.

"Unauliza mara mbili ya nini?" Bi Mkubwa alifoka.

"Hata mara mia. Kuuliza si kubadilisha," Msafi alisema, akafungua upande wa Bi Mkubwa.

Ikawa hivi: kila mgonjwa wake wa ndani ya kompyuta, akishataja zamu, alijisogeza mwenyewe hadi zamu inayofuata, ndiyo maana alipoulizwa tena alijibu Ijumaa. Bi Mkubwa alizoea hivyo, maana siku zote aliyeuliza alikuwa yeye, tena mara moja. Hakuwahi kumwambia mtu.

Walipofika wodini, mdogo wake alikuwa ameshalazwa, mirija mkononi. Alimwona Msafi amesimama mlangoni, akiwapigia simu wagonjwa walioondoka.

"Ndiye huyu?" akauliza, maana makelele ya korido yalishamfikia. "Mshenzi wewe! Huna dada? Huna mama?"

Msafi akaendelea na simu. Bi Mkubwa alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Akalinyoosha shuka.

"Asante kwa kunipigania, dada."

"Pumzika," Bi Mkubwa alisema.