Watu Sita wa Chombo Kipya

Miaka kumi na tisa Talib Mcha alikuwa mpishi wa meli ya jeshi la majini, anapikia watu thelathini na wawili. Sasa meli kongwe inastaafishwa, kimekuja chombo kipya cha kupelekea meli za doria mafuta na maji. Wallahi, ukikiona utasema kitoto! Watu sita tu wanakitosha. Yaliyobaki mashine inajifanyia yenyewe.

Siku ya kukipokea, majina ya hao sita yalikuwa bado. Talib alitaka jina lake liwemo, basi. Hakuwa na jengine alilolitaka duniani. Nyumbani kwake Kikwajuni hata usingizi haupati, kitanda hakitikisiki.

Aliambiwa apike pilau la wageni pale bandarini. Afande Faiza, mkuu wa chombo kipya, akapita kuonja chumvi.

"Afande, na mimi nimo?" Talib akauliza, mwiko mkononi.

"Mzee Talib, chombo hakina jiko. Kina birika la umeme na chakula cha pakiti."

"Sikuuliza jiko. Nauliza mimi."

Faiza akainamisha macho. "Utakwenda ghalani, Mbweni. Kazi nyepesi, nchi kavu."

"Naam," Talib akajibu.

Kha! Angalau angerusha mwiko, angetukana, nani angemlaumu? Hakuhisi kitu. Alifunika sufuria, akapanga makaa juu ya mfuniko, akakata kachumbari. Yussuf wa mashine, rafiki yake tangu ujana, alikuja mbio kumwambia kuwa yeye kapata. Talib akampongeza kwa maneno yote yanayofaa, na huku anajisikia yanamtoka mdomoni tu, moyoni hamna.

Baada ya sala ya adhuhuri wageni wakala mezani. Wale sita wakakaa chini juu ya sitaha ya chombo chao, wakalizunguka sinia moja. Talib mwenyewe ndiye aliyewapakulia. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, na tumbo lilikuwa linamnguruma.

"Mzee, karibu! Njoo ukae tule," Yussuf akaita. Wote wakasogea, magoti yakabanana, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Talib akaitazama ile nafasi.

"Nshakula," akasema, akashuka kwenda kuosha masufuria.