Meza Isiyo na Bango

Mwalimu wa ushauri, ambaye wanafunzi walimwita Tabasamu kwa sababu aliwaamuru watabasamu hata wakiumwa jino, alikuwa amewaonya mapema. Kwenye ukumbi wa maonyesho ya ajira usizurure kama mtu anayetafuta kivuli. Shika mkono, taja fani yako, jieleze kwa kifupi, na ukiulizwa swali usiseme sijui. Ushauri mzuri huo, sibishi. Wengi wameokotea kazi ukumbini humo, na wewe unayejifungia chumbani ukingoja kazi ije kukupigia hodi, shauri yako.

Lakini Chiriku hakwenda kutafuta kazi. Alikwenda kumtafuta kaka yake.

Mwaka uliotangulia, kaka mtu aliingia ukumbi uleule na suruali aliyoipiga pasi mwenyewe, akatoka na kazi. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Halafu kimya. Hakurudi nyumbani tena. Akipigiwa simu anapokea, sauti ni yake kabisa, ila maneno ni yaleyale: "Nashukuru kwa kutupigia. Tunathamini muda wako." Hebu fikiria mtoto uliyemzaa anakwambia hivyo. Mama akaanza kukonda. Kila jioni alimpakulia chakula na kukifunika, asubuhi anakifunua na kukimwaga. Ndipo Chiriku akasema, "Mama, nitamrudisha. Hata kwa kumburuta."

Basi asubuhi hiyo ukumbi ulifurika. Watu wa benki walitundika maputo, watu wa kiwanda cha maziwa waligawa kalamu. Mama mmoja wa kiwandani, aliposikia Chiriku anasomea ufundi wa majokofu, alimshika mkono akamsihi asiondoke bila kupita tena kwake. Siku nyingine Chiriku angerukaruka kwa furaha. Alishukuru, akasonga mbele, meza baada ya meza, mpaka pale ukumbi ulipopaswa kuishia ukutani.

Haukuishia. Palikuwa na meza nyingine, haina bango wala kalamu za bure, na kelele zote zilikoma hapo kana kwamba kuna aliyefunga mlango. Nyuma yake lilining'inia pazia la kijivu. Mbele ya pazia, shati limenyooka, alikaa kaka yake.

"Kaka," Chiriku aliita.

Kaka mtu alimtazama kama karani anavyotazama foleni. "Karibu. Subiri zamu yako."

Kwenye kiti cha wageni alikuwepo mwanafunzi wa useremala, yule mcheshi wa chuo kizima, akieleza jinsi babu yake alivyomfundisha kupiga randa. Kila alichokisema kilimpunguza. Sauti ilipoa, mikono ikalala mapajani, na alipomaliza hapakuwa na utani wowote usoni mwake. Aliinuka, akapita nyuma ya pazia, na pazia halikutikisika.

Chiriku akaketi kwenye kiti kile.

"Tueleze kuhusu wewe," kaka yake alisema.

Mdomo haukumngoja. Hakuitwa Chiriku bure. "Mimi najua kutafuta bomba la jokofu linapovujia, unachukua povu la sabuni, halafu..." Akakwama. Povu la sabuni la nini? Alijua kwamba alikuwa akijua, basi. Pale palipokuwa na ujuzi palibaki tupu, kama ufizi uliong'olewa jino. Na kaka mtu, bila kujiangalia, akaanza kupapasa ukingo wa meza kwa kidole kama fundi anayetafuta tundu.

Akaelewa, na kule kuelewa kukamtia baridi. Ukisema kitu mezani hapo, kinahama. Kinakutoka na kumwingia anayekusikiliza. Kaka yake, mtiifu tangu utotoni, alijibu kila swali kama alivyofundishwa, akajieleza mpaka akaisha. Ili arudi, ilibidi mtu amsimulie habari zake mwenyewe. Na mtu huyo ni nani, kama si dada yake aliyelala naye chumba kimoja miaka yote?

Alitaka kukimbia, tusidanganyane. Alimpenda kaka yake, na alichokuwa nacho cha kumpa, kumbukumbu zao za utotoni, ndicho hichohicho alichokuwa akikipenda. Kisha akamwona mama akilini, akifunua sahani.

"Nitakueleza kuhusu wewe," alisema. "Ulikuwa unaogopa kuku."

Kaka mtu akapepesa macho. Nani alikuwa anaogopa kuku? Chiriku hakukumbuka tena.

"Ulinibeba mgongoni maji yalipojaa barabarani. Tukaanguka, ukamwambia mama nimekusukuma." Midomo ya kaka mtu ikacheka. "Uliniimbia nilipougua surua. Ulinifundisha kusoma kwa maandishi ya kwenye maboksi. Ulilia baba alipozikwa, ukanidanganya ni moshi." Alisema mbiombio asije akaghairi, na machozi yakamtoka kwa ajili ya mambo ambayo hakuyajua tena. Kijana aliyekuwa mbele yake alitokwa na jasho, shati limekunjamana.

"Chiriku," alinong'ona, "nyamaza. Utabaki na nini?"

"Simama basi."

Alijaribu. Kiti hakikumwachia.

Lilikuwa limebaki moja. Chiriku alikaa nalo kidogo kifuani, kwa sababu lilikuwa la mwisho na alilijua hivyo.

"Wewe ni kaka yangu," alisema.

Kijana akainuka. Akamshika mkono, akamvuta mbio kuelekea kwenye kelele za watu. Chiriku alipogeuka, yule seremala alikuwa keshaketi nyuma ya meza, shati limenyooka, akimwambia msichana mwingine, "Karibu."

Nyumbani, mama alimwona kijana mlangoni akaangusha sufuria. Alimkumbatia, akalia kama mfiwa, akalitaja jina lake mara nyingi. Chiriku alifurahi kumwona mama amefurahi. Kijana mwenyewe Chiriku hakumjua, ila alimhurumia, maana kijana huyo alikuwa amelia njia nzima bila kusema sababu. Akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa upindo wa gauni lake.

"Karibu, mgeni," alimwambia kwa adabu. "Usione haya. Hapa ni kwenu."