Chupa Aliyoiacha Pitia

Pitia aliporudi kutoka Skotilandi mwaka 1998, nyumba ya kwanza kuitembelea mjini Arua, Uganda, ilikuwa ya Andama, mwenye mashine ya kusaga unga pale Awindiri. Andama alimpokea vizuri, ingawa alijua mgeni wake ni nani. Kabla ya vita vya 1979, Pitia alikuwa mchumba wa Viktoria kule Koboko. Vita vilipofika, jamaa za Pitia, watu wa jeshi, walikimbilia Sudan, na jamaa za Viktoria wakavuka kwenda Kongo. Huko Kongo, ukimbizini, ndiko Andama alikomwoa Viktoria.

"Karibu, shemeji," Andama alisema.

"Asante, shemeji. Vikto, hujambo?"

Vikto! Andama mwenyewe alimwita mkewe Mama Ayiko, kama watu wote.

Pitia akatoa chupa kwenye mfuko. Huko Skotilandi, alikofika kutoka Sudan, alikuwa akifanya kazi katika ghala la kiwanda cha wiski, kazi ya kupanga na kubingirisha mapipa.

"Hii iko ya shayiri tupu, ya kiwanda moja," alieleza akimimina. "Imelala ndani ya pipa miaka mingi. Halafu wakahamisha kwa pipa ingine, ile ilikuwa na ramu ya miwa. Humo imekaa miezi tu. Onja pole pole."

Andama alimeza. Moto ukashuka mpaka tumboni.

"Iko kali," alisema.

Viktoria hakumeza upesi. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena, ndipo akaonja.

"Sukari guru," alisema. "Na ndizi ile imeiva mpaka ganda yake nyeusi."

"Hiyo hiyo!" Pitia alipiga goti lake.

"Na moshi kidogo, nyuma. Kama jikoni kwa mama."

"Mimi pia, siku ya kwanza kuonja, nilikumbuka pale kwenu, mama akipika pombe ya waragi."

Wakacheka pamoja. Andama akanywa tena, akiitafuta ile ndizi mdomoni. Hakuipata. Aliwatazama wale wawili, akaona kama wamekaa chumba kingine na yeye yuko nje ya mlango.

Pitia alikwenda Koboko kuwaona ndugu zake, akaacha chupa. Alisema wataimaliza akirudi.

Siku zile Andama alimkuta mkewe zaidi ya mara moja amesimama mbele ya kabati, kizibo mkononi, pua kwenye mdomo wa chupa.

"Unatafuta nini humo?"

"Harufu tu," alijibu Viktoria, akafunga chupa bila haraka.

Harufu tu! Maneno hayo yalimfuata Andama mpaka kazini, yakamlia sikioni kuliko mashine. Asubuhi moja, Viktoria alipokwenda sokoni, aliichukua chupa akaimwaga yote chooni. Kisha akaijaza waragi ya muhogo, akaitia rangi kwa sukari aliyoiunguza kwenye sufuria. Alichovya humo hata kipande cha ndizi mbivu, kisha akaichuja pombe kwa kitambaa. Akairudisha chupa kabatini.

Pitia akarudi Jumamosi mchana, akamimina glasi tatu. Viktoria alinusa yake, akanusa tena. Alimtazama mumewe. Andama akainamisha macho sakafuni.

"Vipi, Vikto?"

Viktoria akanywa funda moja. "Iko ile ile," alisema. "Iko nzuri."

Pitia naye akaonja. Aliishikilia mdomoni kwa muda, akaitazama glasi, kisha akawatazama wote wawili.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Ile ile."

Akaimaliza, akakataa kuongezwa, akaaga akisema anawahi gari. Hata chakula hakungoja.

Viktoria alikusanya glasi. "Ulimwaga wapi?"

"Chooni."

Hakumgombeza. Alikaa kitini, glasi zikiwa mapajani, na hilo lilimuumiza Andama zaidi.

"Ulikuwa unamfikiria yeye?" alimuuliza.

"Siku ya kwanza, ndiyo. Alipocheka." Viktoria alifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Siku zingine zote nilikuwa namfikiria mama. Mama tulizika Kongo, kando ya barabara, hata kaburi yake sijui kama iko. Ile chupa ilikuwa inanuka jiko yake. Nilikuwa nakwenda kumwona."

"Ungeniambia."

"Ungengoja kidogo, ningekuambia."

Andama akamwomba radhi, na maneno yake yalikuwa ya kweli. Viktoria alimshika mkono, akaenda kuinjika uji. Lakini Jumatatu, mashine ikinguruma na vumbi la unga likimjaa puani, habari za yule mama na kaburi lake zilikuwa zimeanza kumpotea. Aliyoyasikia, tena na tena, yalikuwa maneno yale machache tu: siku ya kwanza, ndiyo.