Mistari Inayohama

Suruali mpya ilimwishia mteja wetu mmoja, dereva, chini kidogo ya magoti. Alijitazama kwenye kioo cha karakana ya shangazi, akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo fasheni mpya. Mkataji wetu, ambaye sote tunamwita Makasi, akanigeukia.

"Kompyuta yako ndiyo iliyosema. Mimi nimekata tu."

Nilikuwa nimeunganisha vitu viwili. Washonaji watatu huandika vipimo vya wateja kwenye jedwali la pamoja, kila mmoja kwa simu yake. Hifadhidata niliyoijenga husoma jedwali hilo na kumchapia Makasi karatasi ya kukatia. Chuoni mpango huu ulifanya kazi vizuri. Lakini chuoni jedwali lilikuwa langu peke yangu.

"Kesho saa nane nakata sare sitini za wanafunzi wa uuguzi," Makasi alimwambia shangazi. "Kitambaa hakina ziada hata ya mfuko. Karatasi zikikosea tena narudi kwenye daftari langu, na huyu mwanao atafute kazi nyingine."

Shangazi alinisogezea kikombe chake cha chai, na hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi sikugusa kompyuta. Nilivuta kigoda nikakaa katikati ya vyerehani. Naona haya kuuliza watu maswali, kwa hiyo nilitazama tu. Saa tatu akaingia mama mmoja kuulizia gauni lake. Alipotoka, mshonaji mkubwa, Mama Pindo, alishika simu, akautoa mstari wa yule mama chini ya jedwali na kuuweka juu kabisa.

"Mama Pindo, mbona umemhamisha?" Sauti ilinitoka ndogo.

"Si kaja kuulizia? Anayekuja kuulizia tunampandisha juu. Tangu enzi za kubandika oda ubaoni kwa pini. Miezi miwili uko hapa, hujaona?"

"Anaijua kompyuta," akadakia mshonaji mdogo. "Sisi zamu yetu bado."

Wakacheka, nami nikacheka, maana nilikuwa nimeshaelewa. Mimi niliiambia hifadhidata kwamba dereva ni mstari wa kumi na mbili. Dereva akaja kuulizia, akapandishwa, na nafasi yake ikashikwa na mtoto wa shule. Miguu ya mtoto ikawa miguu ya dereva.

Na dawa ilikuwa imening'inia mbele yangu miezi yote miwili. Kila mteja hapa hupewa namba anapopimwa, na kipande cha kitambaa chenye namba hiyo hubanwa kwenye nguo yake mpaka anapoichukua. Nikaongeza safu ya namba hizo kwenye jedwali, nikaifunga ili kidole cha mtu kisiibadilishe, nikaifundisha hifadhidata kumtafuta mteja kwa namba yake, popote alipo. Nikaongeza na safu ya maneno, kwa sababu kwenye kiuno cha mwanafunzi mmoja Mama Pindo alikuwa ameandika "28, ila akishiba 30".

Saa nane Makasi alisimama mezani, chaki sikioni. Wanafunzi watatu walikuwa wameitwa ili vipimo vyao vilinganishwe na karatasi.

"Hamisheni mistari," nikawaambia washonaji. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, safari hii kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe: "Shikeni simu zenu, wote watatu. Hamisheni mnavyotaka, msiache."

Vidole vikaanza kukimbia. Kwenye skrini mistari ilipanda na kushuka kama watu wanaogombea ngazi.

"Arobaini na moja," Makasi akaita, akimtazama binti mrefu kuliko wote.

Karatasi ikatoka. Akampima bega, kifua, urefu. Sawa.

"Tisa."

Sawa.

"Ishirini na tatu. Na nyie, hamisheni kwelikweli, msimwonee huruma."

Sawa, na pembeni imeandikwa: akishiba 30.

Makasi alisoma hayo mara mbili, akamtazama Mama Pindo, akatandika kitambaa na kuanza kukata.

Jioni sare sitini zilikuwa zimekatwa na kupangwa mezani, na kitambaa kilichobaki hakikutosha hata leso. Shangazi alikikunja kile kipande akakitia mfukoni, huku akitabasamu peke yake. Makasi alitoa daftari lake ndani ya aproni, lile ambalo hajawahi kumwachia mtu, akaliweka mapajani mwangu.

"Wateja wangu wa miaka kumi na minne. Waingize wote, na kila mtu namba yake."

"Wote?"

"Anza na dereva. Keshakuja kuulizia mara tatu."