Bahasha ya Bwana Devane

Una Geraghty alikuwa ameolewa mwaka mmoja na miezi minne, na katika mji mzima wa Drumcarra hapakuwa na mtu aliyejua, isipokuwa rafiki yake mmoja. Sheria ilikuwa wazi: mwanamke wa kazi ya serikali akiolewa, anakabidhi funguo na kwenda kupika. Mwanamume akioa anapewa mkono wa hongera. Una hakuitunga sheria hiyo wala hakuiheshimu hata chembe, basi akaivua pete, akaishonea ndani ya pindo la sketi, akaendelea kukaa nyuma ya kaunta ya posta akiuza stempu na kupima vifurushi.

Mumewe, Malachy Tuohy, alikuwa fundi wa mapipa katika miaka ambayo mapipa hayakutakiwa tena. Alipanga chumba Kiltarra, mwendo wa saa moja kwa treni, leo ana kibarua, kesho hana. Mshahara wa Una ndio uliolipa chumba hicho na kumlisha mama yake Una. Lakini nisimsingizie: hata Malachy angekuwa tajiri, Una asingetaka kuiacha kaunta ile. Aliipenda kazi yake kupita kiasi. Kila Jumamosi alipanda treni kwenda Kiltarra, na mwenye nyumba, Bi Hanratty, alimjua kama binamu. Hata hivyo mlango wa chumba ulitakiwa ubaki wazi, maana, alisema Bi Hanratty, mabinamu nao ni watu.

Mkuu wa posta alikuwa Bwana Devane, mjane mwenye sauti ya chini na vidole visafi. Alipenda vitu viwili duniani, taratibu za ofisi na stempu, na Una ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake. Alimfundisha kuhesabu meno ya stempu kwa kipimo, kushika kwa kibano, kutazama alama ya maji, ile iliyofichwa ndani ya karatasi, dhidi ya mwanga wa dirisha. Zaidi ya yote alimfundisha habari za stempu za utepe.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo mashine ilikuwa imetundikwa ukutani mwa stesheni ya Drumcarra. Unatia peni mbili, unavuta mkono, inakutolea stempu ya kijani yenye ramani ya Ireland kutoka kwenye utepe uliozungushwa ndani. Stempu ya kawaida huchanwa kwenye karatasi kubwa, kwa hiyo ina meno pande zote nne. Ya utepe ina meno juu na chini tu. Kushoto na kulia imenyooka kama ukingo wa meza. Mashine ilidumu siku kumi na tisa, unyevu ukaikaba, ikarudishwa Dublin. Na siku zote kumi na tisa Bwana Devane alikuwa hospitalini akitolewa mawe ya nyongo. Asiyekuwepo na lake halipo. Alipotoka, watu walikuwa wamekwisha kuzilamba, kuzibandika na kuzituma Boston na Liverpool, na yeye akabaki kuulizia nyumba kwa nyumba kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Wajanja hawakukosekana. Mwoka mikate alimletea moja aliyoinyoa meno ya pembeni kwa mkasi. Una ndiye aliyemuumbua: aliiweka chini ya rula na kumwonyesha kwamba ya utepe ina upana wake kamili, lakini hii imekonda, kwa sababu mkasi hauwezi kuondoa meno bila kuondoa na nyama. Bwana Devane alicheka siku nzima.

Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa nane, alipomwita chumba cha nyuma na kumsogezea bahasha na rula, Una alikaa kwa furaha. Alipima upana. Akahesabu meno. Akapitisha lenzi kwenye kingo zilizonyooka, akaona mhuri wa Kiltarra umekatiza ramani na kuendelea hadi kwenye karatasi ya bahasha, kuonyesha kuwa stempu haikuhamishwa kutoka mahali pengine.

"Hii ni ya kweli, Bwana Devane," alisema. "Hongera. Mwishowe umeipata."

"Kwa hakika?"

"Ningeweza kuapa."

"Vizuri. Sasa soma kilichomo."

Kilikuwa kipande cha karatasi chenye herufi kubwa zilizopinda, za mtu aliyeandika kwa mkono usio wake. Kilisema kwamba karani Geraghty ana mume tangu Pasaka ya mwaka jana, na mkuu wa posta akitaka ushahidi akaulize kwa padri wa Kiltarra. Hakikuwa na jina.

Bwana Devane hakukemea. Alieleza taratibu, polepole, kama anavyomweleza mteja. Barua ya aina hiyo hupelekwa makao makuu Dublin siku hiyohiyo, pamoja na bahasha yake, kwa sababu mhuri na stempu ni sehemu ya ushahidi. Kule karani fulani ataitoboa na kuifunga kwenye faili kwa kamba. Ataitoboa, alirudia, na uso wake ulikunjamana kwa uchungu wa kweli. Ilikuwa ndiyo pekee aliyowahi kuiona juu ya bahasha nzima. Basi kwa sasa angefunika kombe. Bahasha ingekaa katika albamu yake na barua ndani yake, kwani bahasha bila barua yake imepungua.

"Ningekuwa na nyingine, Una, ningeituma hii leo," alisema. "Mimi si mtu wa kuvunja taratibu. Lakini sina nyingine."

Tangu siku hiyo Una hakuwa na amani. Bwana Devane hakumgusa wala hakumtazama vibaya. Angekuwa mkware, Una angejua la kumfanya. Alimtaka tu aje kila Jumapili baada ya misa, apange albamu, atengeneze chai, asikilize. Una alipoomba ahamishiwe posta ya Kiltarra, Bwana Devane aliirudisha fomu bila saini na kumwuliza nani sasa atamsaidia na stempu. Mara kwa mara alifungua ukurasa ule mbele yake, akaitazama bahasha kwa mapenzi, akaufunga.

Kila alfajiri, gunia la barua lilipomwagwa mezani, Una alizipitia kingo za stempu moja baada ya nyingine kabla Bwana Devane hajavaa miwani. Alikuwa anatafuta ileile aliyoitafuta bosi wake, ila yeye aliomba asiipate. Novemba alipata moja, kwenye barua ya nesi mmoja kwa mama yake aliyekaa juu ya kilima. Alimfuata mama huyo hadi nyumbani kwake, akambembeleza ampe bahasha, akaichoma jikoni kwa mama yake mwenyewe. Alijua anachochoma.

Tena kulikuwa na swali la nani. Waliojua ndoa ile ni padri, na padri hasemi, Malachy, na Attracta Moran, rafiki yake tangu shule, aliyesimama shahidi. Una alihesabu, akaacha kumsalimia Attracta. Attracta alikuja hadi kaunta kuuliza kosa lake ni nini. Una alimwuliza kama anataka stempu.

Jumamosi moja ya Februari Malachy alikuwa na habari njema: amepata kazi ya kudumu ghalani. Walikula mkate wa magadi na siagi, mlango wazi, Bi Hanratty akipita na kupita koridoni. Halafu Malachy alimpa barua ya kwenda kwa dada yake aliyeko Sligo, akamwomba aitie kwenye sanduku la stesheni.

"Haina stempu," Una alisema.

"Ngoja, ninazo." Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitabu cha sala, na katika kurasa zake stempu tatu za kijani, bado zimeshikana, moja chini ya nyingine. "Nilizinunua kwa ile mashine yenu nikisubiri treni. Zilikuwa nne."

Una hakuhitaji rula. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekaa kati ya sala za asubuhi na za jioni. Alizitazama zile kingo zilizonyooka, akauliza taratibu ile ya nne ilikwenda wapi.

Malachy aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kudanganya, na hilo ndilo lililomuuma Una kuliko yote.

"Ungeniambia," alisema Una.

"Nimekuambia Jumamosi ngapi? Kila mara unasema subiri. Subiri mama apone, subiri kazi ipatikane. Nilitaka mke, Una. Hapa nina binamu."

"Kwa hiyo ukanichongea."

"Nilidhani watakufukuza wiki ileile, uje. Nikangoja, nikangoja. Nikasema labda hawakuniamini."

Una alicheka, kicheko kibaya kilichomfanya Bi Hanratty achungulie. Miezi sita ya Jumapili, bahasha iliyochomwa, Attracta wa watu amefukuzwa kaunta bila kosa. Na yote kwa sababu mwanamume huyu alichagua stempu moja pekee ambayo Bwana Devane hawezi kuiachia. Alizitwaa zile tatu, akaondoka bila kumuaga.

Ndani ya treni alipiga hesabu. Angeweza kumpelekea Bwana Devane ule utepe wa stempu tatu. Angeupokea kwa mikono miwili, na kwa utepe huo angemrudishia barua, bahasha na yote. Una angebaki na kaunta yake. Ndiyo, na Malachy angebaki na kalamu yake. Stempu zinauzwa kila mahali. Angechoka tena, angeandika tena. Alijaribu kumchukia akashindwa, akajaribu kumsamehe akashindwa vilevile. Alipofika Drumcarra alikuwa amejua jambo moja tu: kama barua ile lazima iandikwe, ataiandika yeye.

Jumatatu, robo saa kabla ya gunia la jioni kufungwa, aliitoa barua yake mkobani. Mistari mitatu kwenda Dublin: jina lake, tarehe ya ndoa, kwamba anaacha kazi. Juu ya bahasha alibandika stempu zote tatu, zikiwa bado zimeshikana, ingawa moja ilitosha. Aliitia mdomoni mwa sanduku mbele ya mke wa sajini aliyekuja kuchukua kifurushi, kisha akaenda upande wa ndani, akafungua sanduku kama kawaida yake na kuimwaga mezani pamoja na nyingine.

Bwana Devane aliiona kabla haijatulia. Aliinama. Hakugusa.

"Toka wapi hizi?" alinong'ona. "Tatu? Una, mwanangu, hii usiitume. Nitabandika nyingine. Chukua ile yako, chukua albamu nzima ukitaka."

"Ikishaingia sandukuni ni mali ya aliyeandikiwa," alisema Una. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Bwana Devane aliangalia anwani, akaelewa. Aliuliza kama ametajwa ndani. Una alisema hapana. Mke wa sajini alikohoa kwenye kaunta, akauliza kama kifurushi chake kinaoteshwa. Bwana Devane alichukua mhuri, akauinua, na kwa mara ya kwanza tangu Una amjue, mkono wake ulikosa shabaha. Wino ulikatiza ramani zote tatu na kuzipaka. Aliitupa bahasha guniani, akalifunga kamba mwenyewe, akaingia chumba cha nyuma.

Una alimhudumia mke wa sajini. Akapima kifurushi cha mwingine, akauza stempu za peni mbili, zenye meno pande zote nne. Mwisho wa mwezi atakwenda Kiltarra, na mlango wa chumba kile utafungwa kwa haki, na Malachy atafurahi, kwa sababu Malachy ameshinda. Huenda siku moja akamsamehe. Lakini kazi ile aliipenda, na hakuna hata mmoja wao aliyemwuliza. Alifungua pindo la sketi kwa ncha ya mkasi wa ofisi, akavaa pete hadharani, na ilimbana.